Mbona hatutoki jasho? Jibu kwa fundi cherehani wa Arua

Swali: Salamu, Daktari. Mimi ni fundi cherehani hapa Arua, nina miaka 47, nashona tangu nikiwa na miaka 19. Mgongo wa chini na mabega yananiuma karibu kila siku. Usiku naamka saa tisa na usingizi haurudi mpaka jogoo awike. Kituo cha afya walinipima, hawakuona ugonjwa. Presha ilikuwa 138 kwa 88. Mwezi uliopita nilikwenda Kampala kwa binti yangu, akanipeleka kwenye yoga. Nilitarajia mazoezi makali. Tulilala kwenye mikeka, tukajinyoosha polepole, tukaambiwa tupumue. Saa nzima sikutoka jasho hata tone. Lakini usiku ule nililala. Je, ilikuwa bahati tu, au kuna kitu ndani yake? Tena mimi ni Mkatoliki, nasali rozari, sitaki kujikuta nimeingia kwenye ibada ya watu wengine. Na mama yangu wa miaka 74 anauliza kama naye anaweza.

Jibu: Mama, asante kwa kuandika. Nimeisoma barua yako mara mbili, na sentensi iliyonishika ni ile fupi: usiku ule ulilala. Nitafika hapo. Kwanza tumalize la jasho, maana ndilo linalowafanya wengi waiache yoga ya polepole wiki ya pili tu.

Jasho ni maji ambayo mwili unayatoa ili ujipoze. Linaonyesha kwamba umepata joto, basi. Mtu anayelima mchana kutwa anatoka jasho na mgongo unamuuma vilevile. Ni kweli kwamba moyo na mapafu vinahitaji kazi ya kukuhemesha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kazi ya wastani, kama kutembea kwa haraka. Yoga ya kulala kwenye mkeka haikupi dakika hizo, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Kwa hiyo endelea kwenda sokoni kwa miguu, usiite boda kwa safari fupi. Lakini wewe hukuniletea tatizo la kukosa kazi. Umeniletea mwili uliokaa kwenye kazi moja miaka 28 bila kulegea.

Hebu jitazame ukiwa kwenye cherehani. Kichwa kimeinamia sindano. Mabega yamepanda karibu na masikio, hasa Januari, wazazi wanapokusimamia mlangoni wakitaka sare za shule kabla ya muhula kufunguliwa. Mikono iko mbele inaongoza kitambaa, nyayo zinakanyaga pedali, kiuno kimejikunja. Kinachosogea ni vidole na nyayo. Mwili mwingine wote umejikaza ili mshono usitoke nje ya mstari. Msuli uliojikaza kidogo tu, lakini kwa saa nyingi, unaweza kuchoka vibaya kuliko ule ulionyanyua gunia mara moja ukalishusha, kwa sababu haupati nafasi ya kulegea na kupitisha damu vizuri. Jioni unasimama, mgongo umekuwa kama gogo. Unajipinda kwa nguvu mpaka mifupa inalia, unapata nafuu ya dakika tano, halafu maumivu yanarudi.

Hapo ndipo upolepole unapoingia. Ndani ya misuli kuna vipokezi vidogo vinavyopima msuli umevutwa kiasi gani na kwa kasi gani. Ukivutwa kwa ghafula, vinapeleka habari kwenye uti wa mgongo, na amri inarudi papo hapo: kaza! Ndicho kinachotokea daktari akikugonga chini ya goti kwa kinyundo, mguu ukaruka wenyewe. Ni kinga, ili msuli usichanike. Na mbuzi ni hivyohivyo: mvute kwa kamba ghafula, atakita miguu yote minne chini, ilegeze kamba, tembea naye, atakufuata mpaka nyumbani. Ukikaa katika mkao mmoja dakika moja, mbili, tatu, bila kulazimisha, amri ile ya kujikaza inapungua na mwili unaachia wenyewe. Tena watafiti wanaona kwamba katika wiki za mwanzo msuli wenyewe haurefuki sana. Kinachobadilika zaidi ni kiasi cha kuvutwa ambacho ubongo uko tayari kukivumilia bila kupiga kelele. Kwa maneno mengine, unaufundisha ubongo kuuamini mgongo wako, na anayefundishwa kwa vitisho haelewi.

Mimi mwenyewe sikulijua hilo nilipoanza kazi ya tiba ya viungo. Niliwasukuma wagonjwa: ongeza, vumilia, bado kidogo. Mzee mmoja aliyeendesha malori ya masafa marefu maisha yake yote aliniambia, "Kijana, ukinisukuma najikaza. Niache nifike mwenyewe." Nikaondoa mikono. Baada ya dakika tatu alikuwa amefika mbali kuliko nilikokuwa nikimsukuma wiki nzima. Tangu siku ile nawapa watu muda, na sijajuta.

Sasa kuhusu maumivu ya mgongo, nisikuuzie muujiza. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 228 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Kwa wiki 12 wengine walifanya yoga, wengine walifanya mazoezi ya kawaida ya kujinyoosha, na wengine walipewa kitabu cha kujitunza. Waliofanya yoga walipata nafuu kuliko waliopewa kitabu. Lakini waliojinyoosha tu nao walipata nafuu ileile. Mwaka 2017 ukatoka utafiti mwingine wa watu 320, wengi wao wenye kipato kidogo, ukaonyesha kwamba yoga haikuwa nyuma ya matibabu ya viungo, yaani kazi yangu mimi. Mwaka huohuo chama cha Marekani cha madaktari wa magonjwa ya ndani kiliwashauri wanachama wake kwamba mgongo unaouma siku nyingi uanze kutibiwa bila vidonge, na yoga ikawa miongoni mwa njia walizozitaja. Nafuu yenyewe ni ya wastani. Maumivu yanapungua na unaanza kuinuka kitini bila kujishika kiuno, lakini kwa wengi hayafutiki kabisa. Ukinywa dawa za maumivu kila siku na tumbo limeanza kukuchoma, nafuu hiyo ya wastani ina thamani kubwa.

Kama kujinyoosha kwa kawaida kunatosha kwa mgongo, kwa nini basi nakuhimiza ubaki na yoga ya polepole? Kwa sababu ya pumzi, na kwa sababu ya ule usiku uliolala.

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Aliyejikunja kwenye cherehani huvuta pumzi fupi za juu ya kifua, kwa maana tumbo limebanwa, nacho kiwambo, yaani ule msuli mpana chini ya mapafu, hakina nafasi ya kushuka. Sasa fanya jaribio hili hapohapo ulipokaa: weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, vuta pumzi ndefu, kisha itoe taratibu. Huenda ukasikia mapigo yakienda haraka kidogo unapovuta na yakipungua unapotoa. Anayeshika breki hiyo ni neva ndefu iitwayo vagasi, inayotoka chini ya ubongo, ikapita shingoni, ikafika kwenye moyo, mapafu na tumbo. Kila unapotoa pumzi inakanyaga breki kidogo. Ukirefusha kutoa pumzi, umerefusha muda wa breki. Na pumzi zikishuka mpaka kama sita kwa dakika, mapigo ya moyo yanaanza kwenda pamoja na vipokezi vya presha vilivyomo kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifua, na mwili unapata uwezo mzuri zaidi wa kurekebisha presha yake.

Na hapa, Mama, kuna jambo ambalo naamini litakufurahisha. Mwaka 2001 daktari wa Italia, Luciano Bernardi, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza utafiti wa watu wazima 23 wenye afya. Waliwapima wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakitamka maneno yanayorudiwarudiwa katika yoga. Mambo hayo mawili yalifanya kitu kilekile: pumzi zilishuka mpaka karibu sita kwa dakika, na mapigo ya moyo na presha vikaanza kupanda na kushuka kwa mpangilio mmoja. Salamu Maria inaposaliwa kwa kupokezana, mmoja anaanza na wengine wanaitikia, mzunguko wake unachukua kama sekunde kumi. Sekunde kumi mara sita ni dakika moja. Wewe umekuwa ukifanya zoezi hilo tangu utotoni, ilimradi huikimbizi. Sisi wengi tunaikimbiza, hasa jioni tukiwa na chakula jikoni. Wanaokwenda Namugongo, mahali pa hija ya Mashahidi wa Uganda, kwa miguu kila mwaka kwa ajili ya sikukuu yao ya tarehe 3 Juni, wakisali njiani, wanajua nisemalo: kuna mahali hatua na sala na pumzi vinakuwa kitu kimoja, na uchovu unapungua makali.

Kuhusu hofu yako ya ibada, sitaipuuza, maana ni ya kweli. Yoga ilizaliwa India, ndani ya dini na falsafa za watu wa kule, na neno lenyewe linabeba maana ya kuunganisha. UNESCO iliiandika mwaka 2016 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, na tarehe 21 Juni ni siku yake ya kimataifa, ambayo hapa Kampala pia huadhimishwa. Kwa Mhindu anayeishi kwa yoga, mikao ya mwili ni sehemu ndogo tu ya elimu pana ya maadili na tafakuri, na ni heshima kulikiri hilo badala ya kujifanya kwamba ni mchezo wa kunyoosha miguu uliotoka Ulaya. Lakini kulala chali, kukunja goti na kutoa pumzi polepole si mali ya dini yoyote. Wagonjwa wangu Waislamu, Walokole na Wakatoliki hufanya mikao na pumzi, na anayetaka kuwa na neno moyoni huweka la kwake. Kama mwalimu anaimbisha maneno usiyoyaelewa, una haki ya kunyamaza au kutafuta darasa jingine. Na kama dhamiri bado inakusumbua, zungumza na padre wako kabla ya kuzungumza na mimi.

Turudi kwenye saa tisa ya usiku. Giza, kimya, na akili inafungua daftari la madeni: ada ya shule, kodi ya kibanda, yule mteja wa gomesi, lile gauni refu la kina mama, ambaye hajamalizia pesa. Hakuna anayekudai saa hiyo, lakini mwili haujui. Unajibu lile wazo kama mdai amesimama mlangoni: moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, taya linakaza. Kuiamuru akili inyamaze haiwezekani. Kinachowezekana ni kuipa mahali pa kukaa. Katika yoga ya polepole unaambiwa usikilize: mgongo unagusa mkeka wapi, bega lipi limejikaza, pumzi inaishia wapi. Akili itatoroka kwenda kwenye ada. Unairudisha. Itatoroka tena, unairudisha tena bila kuigombeza. Watu huniambia "mimi siwezi, akili yangu inazurura." Kule kuirudisha ndiko zoezi, ukiirudisha mara hamsini umefanya zoezi mara hamsini. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, alianza kuwafundisha wagonjwa hilo, wengi wakiwa na maumivu sugu kama yako, na mafunzo yake ya wiki nane yana yoga ya taratibu ndani yake. Njia hiyo leo inatumika hospitalini katika nchi nyingi kwa maumivu na msongo wa mawazo.

Nikukumbushe jambo moja kwa sababu unaandika kutoka Arua, katika eneo la West Nile, ambako familia nyingi zimepita vitani na kwenye ukimbizi. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa wanawake 64 waliokuwa na majeraha ya akili yasiyopona kwa matibabu mengine. Baada ya wiki 10 za yoga, zaidi ya nusu ya waliofanya hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Katika kundi la kulinganisha ilikuwa kama mmoja kati ya watano. Lakini kwa mtu wa namna hiyo, kulala kimya macho yamefumbwa huweza pia kuamsha kumbukumbu mbaya. Ikikutokea, fumbua macho, keti, gusa ukuta, taja vitu unavyoviona. Mwalimu mzuri hamgusi mtu kabla ya kumwomba ruhusa. Na yanayorudi yakiwa mazito, tafuta mshauri au muuguzi wa afya ya akili. Mkeka peke yake hautoshi.

Sasa la kufanya nyumbani. Huhitaji kusafiri zaidi ya kilomita 450 kuja Kampala wala kununua vifaa. Mkeka wa majani, juu yake blanketi, na kitenge kilichokunjwa kwa ajili ya kichwa. Dakika ishirini kabla ya kulala, angalau saa mbili baada ya kula. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini, mkono mmoja juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu mpaka nne, itoe ukihesabu mpaka sita. Hizo ni sekunde kumi, mzunguko uleule wa Salamu Maria, na kama unapenda kuhesabu kwa sala badala ya namba, fanya hivyo. Kaa hapo dakika tano. Nne zikikubana, tumia tatu; usijinyime hewa, na kizunguzungu kikija rudi kwenye pumzi ya kawaida. Kisha lete goti moja kifuani, lishike kwa mikono miwili, ngoja dakika moja au zaidi, badilisha.

Geuka upige magoti na mikono chini kama mtu anayepiga deki. Ukivuta pumzi, acha tumbo lishuke na kifua kifunguke. Ukitoa, kunja mgongo juu kama paka aliyeamka. Mara kumi hivi, pumzi iongoze na mgongo ufuate. Baadaye kalia visigino, inama mbele mpaka paji la uso lilale juu ya kitenge. Kina mama wa Buganda wanaosalimia kwa kupiga magoti wanaufikia mkao huu bila kufundishwa. Wewe magoti yakikuuma weka nguo iliyokunjwa kati ya mapaja na mashavu ya miguu. Malizia kwa kulala chali na miguu imeegemea ukutani, dakika tano mpaka kumi. Mimi mkao huu naupenda kuliko yote kwa watu wa cherehani, kwa sababu nyayo zilizokanyaga pedali kutwa hatimaye zinapumzika. Kipimo cha kila mkao ni hiki: unahisi kuvutwa, lakini uso umelegea na pumzi haijakatika. Pumzi ikikatika umepita mpaka, rudi nyuma kidogo. Maumivu makali, au yanayochoma kama umeme kushuka mguuni, ni amri ya kuacha.

Na kuna ambalo yoga haiwezi kulitengeneza: kiti chako. Ukikaa, nyonga ziwe juu kidogo ya magoti; ongeza mto au ubao. Sogeza kiti karibu na meza ili usiufuate mshono kwa shingo, na weka taa upande ambao kivuli cha mkono hakiangukii sindano. Kila nusu saa simama, shusha mabega, pumua mara sita. Ni dakika moja tu. Mteja atangoja.

Presha ya 138 kwa 88 iko chini kidogo ya 140 kwa 90, ambapo madaktari huanza kuiita presha ya juu. Pima tena mara mbili tatu katika siku tofauti, ukiwa umekaa na kutulia dakika tano. Pumzi ya polepole inaweza kuishusha kidogo, lakini ukiandikiwa vidonge, vimeze. Kwa presha, na kwa ugonjwa wa macho uitwao glakoma, epuka mikao ya kusimamia kichwa.

Yapo maumivu ya mgongo ambayo sitaki uyapeleke kwenye mkeka hata siku moja. Mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, au bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa ng'ombe na mbuzi na ambao mara nyingi hupitia maziwa yasiyochemshwa. Vyote viwili vipo kwetu na vyote vina dawa. Miguu ikilegea, sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukigoma au kutoka wenyewe, nenda hospitali siku ileile, usingoje asubuhi.

Mama yako wa miaka 74 anaweza, tena anakaribishwa. Asianze na kulala chini, kwa sababu kuinuka kutoka sakafuni kunaweza kumwangusha. Akae kwenye kiti kigumu kisicho na magurudumu, nyayo zote mbili chini, apumue zile nne na sita, kisha ageuze kifua polepole kulia na kushoto. Asiiname mbele kwa nguvu, kwani mifupa ya uti wa mgongo ya umri wake huenda imekuwa dhaifu. Baadaye asimame akishika ukuta, wewe ukiwa upande wa pili, ainue mguu mmoja sentimita chache tu kutoka chini, ahesabu mpaka kumi, abadilishe. Afanye hivyo siku tatu kwa wiki au zaidi. Wiki ya kwanza atashika ukuta kwa kiganja chote. Usimhimize auachie. Siku akiwa tayari utaona mwenyewe ameanza kuushika kwa kidole kimoja.